Wacheni Kupaka Kutu Rangi

Wasee wengi wananunua gari vile watu hununua viatu mtandaoni: picha ni kali, bei imekubali, tuma pesa. Rimu ziko fiti, tinti iko, skrini inashika bluetuthi. Mnunuzi anazunguka ndai mara mbili, anafungua boneti na kuangalia injini kama mtu anayejua anachoangalia, kisha anatia sahihi ya mkopo wa miaka mitatu. Hajainama hata mara moja. Nusu ya kitu amenunua hajaiona, na ndiyo nusu inashikilia magurudumu.

Wenye yadi wanajua hatuinami, ndio maana kabla gari ifike mbele yako, mtu ameshalala chini yake na mkebe wa andakoti, ile rangi nzito nyeusi kama lami. Dakika ishirini, chini yote imekuwa nyeusi tii. Ukiuliza, unaambiwa, "Tumekupigia protekshoni, buda, hii haiwezi shika kutu." Na wewe unafurahi, eti umeongezewa kitu cha bure.

Sikiza. Andakoti juu ya chuma safi na kikavu ni kinga. Andakoti juu ya kutu ni blanketi. Kutu inahitaji vitu vitatu tu: chuma, maji na oksijeni. Ukipaka rangi juu ya chuma ambacho tayari kimeanza kuoza, umefungia unyevu ndani. Rangi inapasuka pahali padogo, maji yanaingia, hayatoki, na kutu inaendelea kula polepole gizani ambapo hakuna mtu ataiona. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, kwa hivyo inasukuma ile rangi mpaka inatoa vipele na kubanduka. Wakati unaona vipele, kazi ilishafanyika zamani.

Najua komenti ya kwanza: "Wee, Nairobi haina theluji, kutu ni shida ya wazungu." Sawa, na hiyo ndai yako ilizaliwa Nairobi? Sheria yetu inaruhusu gari iliyotumika nje, bora isizidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza. Sasa chukua gari imekaa miaka 7 Hokkaido, kaskazini ya Japani, ambapo kila msimu wa baridi barabara zinamwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Au ile Land Rover ya Uingereza unaota kila usiku. Huko pia wanamwaga chumvi. Yote inarushwa na magurudumu mpaka kwa chesisi, kwa paipu za breki, kwa kila kona. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya kawaida, na kutu ni kazi ya umeme mdogo mdogo unaotembea kwa chuma. Ndio maana chumvi inaiharakisha hivyo. Halafu gari inapanda meli, inashuka Mombasa, na kama itabaki huko, upepo wa bahari unaendelea pale theluji iliachia. Muulize mtu yeyote anayevuka feri ya Likoni kila siku.

Na hata ile imekaa Nairobi maisha yake yote haijapona. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliingia kwa magari mengi sana. Juu yalioshwa yakang'aa. Matope yaliyobaki ndani ya yale maboksi ya chuma chini ya milango yalitolewa na nani?

Komenti ya pili: "Ni Toyota, Toyota haifi." Mnamo 2016, huko Marekani, Toyota ilikubali kumaliza kesi ya wenye Tacoma, Tundra na Sequoia ambazo fremu zao zilikuwa zinaoza kwa kutu. Ilihusu magari kama milioni 1.5, na thamani yake ilikadiriwa kufika dola bilioni 3.4. Hizo si ndai za mchezo. Ni pikapu na gari kubwa zenye fremu nzito. Kutu haisomi nembo.

Ya tatu najua pia inakuja: "Wewe uliacha chuo, unatufunza kemia?" Ndio, niliacha chuo. Paipu ya breki haitakuuliza satifiketi yangu wakati inapasuka. Na hapa ndipo nataka unisikize, kwa sababu hii story si ya urembo. Kwa gari nyingi, paipu zinazopeleka mafuta ya breki nyuma ni za chuma na zinapita chini. Presha ndani yake hupanda zaidi wakati unakanyaga kwa nguvu. Kwa hivyo paipu iliyoliwa na kutu haitapasuka ukiwa umepaki kejani. Itapasuka siku umekanyaga breki na nguvu zako zote, unateremka Mai Mahiu, lori liko mbele, na nyuma umebeba mbogi nzima. Mtoto wa watu anaendesha teksi ya apu usiku kucha alipe mkopo, na mtu alimuuzia kifo kilichopakwa nyeusi. Huo si ujanja wa biashara. Huo ni wizi, na siku moja unaweza kuwa kitu kibaya kuliko wizi.

Sasa tuongee kuhusu dawa yetu ya taifa: oil chafu. Mafundi wengi watakuambia wapulizie chini ile oil imetolewa kwa injini, ni bei ya karanga, na mzae wako alifanya hivyo na pikapu yake iko hadi leo. Nakubali, oil hufukuza maji kwa muda. Lakini oil iliyotumika imebeba asidi na vumbi la chuma kutoka kwa injini, inalainisha raba za sasipensheni, inanasa vumbi, na mvua ya kwanza inaiosha yote kwa mtaro, halafu mtoni. Ikigusa diski za breki, umejichimbia kaburi ukijaribu kuokoa chesisi. Kwa miaka hiyo yote mzae anapuliza oil kila mwaka, angeweza kufanya kazi mara moja, vizuri.

Kazi vizuri ni hii, na si siri. Kwanza gari inapanda lifti au shimo, inaoshwa chini na presha, matope yote yatoke, halafu inakauka kabisa. Kukauka si nusu saa. Acha siku nzima ya jua. Pili, kutu inakwaruzwa na brashi ya waya na msasa mpaka chuma kigumu kionekane. Tatu, pale imebaki kwa vishimo vidogo inapakwa dawa ya kugeuza kutu, nyingi huwa na asidi ya fosforasi, ambayo inafanya kile kilichobaki kiwe ganda tulivu. Vaa glavu na miwani. Nne, praima yenye zinki, kwa sababu zinki hukubali kuliwa kwanza ili chuma kibaki. Tano, sasa ndiyo andakoti. Ya tano, si ya kwanza. Mwisho, nta maalum inapulizwa ndani ya maboksi ya chesisi kupitia vile vitundu vyake, kwa sababu kutu mbaya huanzia ndani ikija nje. Usizibe vitundu vya chini vya kutoa maji, na usipulizie breki wala egzosi.

Na kama bisibisi inaingia kwa chuma kama kwa keki, hapo hakuna dawa ya kupaka. Chuma kilichooza kinakatwa na kipya kinachomelewa, na fundi anayejua, betri ikiwa imetolewa. Paipu ya breki iliyooza haipakwi chochote, inabadilishwa. Fundi akianza kukuambia ataziba na fiba na filla, chukua funguo zako uende. Filla ni ya kuficha bonde kwa mlango. Haiwezi kubeba uzito wa gari.

Kabla ufike huko, jifunze kununua. Gari ikitoka mnada wa Japani huwa na karatasi yake, yenye mchoro na herufi. S ni kutu. C ni kutu ambayo imeshaanza kula chuma. Itisha hiyo karatasi. Yenye yadi ikisema imepotea, pesa yako nayo ipotee kwa hiyo yadi. Kisha lala chini na tochi ya simu. Angalia pale jeki inakaa, pale sasipensheni imefungwa kwa bodi, na paipu za breki kutoka mbele hadi nyuma. Beba sumaku ndogo upitishe chini ya milango. Isiposhika, umepata filla. Na kama gari ya miaka 7 iko nyeusi mpya chini, kama imepakwa jana, usishukuru. Uliza inaficha nini. Wakikataa ulale chini, wamekujibu.

Kwa wenye yadi, hii ndiyo naomba, na ni rahisi. Kwenye kila tangazo mnaweka picha kumi: taa, dashibodi, rimu, rimu tena. Wekeni mbili za chini, zilizopigwa kabla ya andakoti. Mwenye gari safi ataweka leo jioni, hana cha kuogopa. Wengine tutawajua kwa kunyamaza. Na nyinyi mnaosoma, kila tangazo mkiona, msiulize kwanza "laspraisi?" Andikeni maneno mawili tu hapo chini: ONYESHA CHINI. Tukiandika wote, watachoka kupaka kabla sisi tuchoke kuuliza.