Wastani Usio na Mipaka ni Nusu ya Ukweli

Muulize mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni wastani ni nini, naye atakujibu pasipo kusita. Mwombe akokotoe mipaka ya kuaminika, yaani tarakimu mbili ambazo kati yake twatarajia uwemo wastani wa kundi zima, naye ataandika kanuni ubaoni kwa mwandiko mzuri. Lakini muulize ile asilimia 95 ina maana gani, na kimya kitatanda. Kosa hilo, kwa maoni yangu, si lake. Ni letu sisi walimu, tuliomkaririsha kanuni tukamnyima maana.

Hebu natuende Othaya, kwenye miteremko ya Aberdare, ambako wakulima wadogo hupeleka majani chai mabichi vituoni, nayo malori huyabeba hadi viwanda kama Chinga na Iriaini. Tuseme mwanafunzi amechagua wakulima 36 kwa kura, akaona kwamba kwa wastani kila mmoja alipeleka kilo 18 siku hiyo, na mkengeuko wastani ni kilo 6. Akigawa 6 kwa kipeuo cha pili cha 36, atapata kilo 1. Akizidisha hiyo kwa 2 hivi, mipaka yake itakuwa kilo 16 na kilo 20.

Sasa akisimama kiongozi mkutanoni na kutangaza kwamba mavuno yamepanda kwa kuwa wastani wa zamani ulikuwa kilo 17, je, tumpigie makofi? La hasha! Hiyo 17 imo ndani ya mipaka. Sampuli ile haijathibitisha kupanda wala kushuka. Mkulima atakayekopa fedha za mbolea kwa kutegemea tangazo hilo huenda akalipa deni kwa mavuno yasiyokuwapo.

Aidha, mipaka hiyo haisemi kwamba asilimia 95 ya wakulima huchuma kati ya kilo 16 na 20. Inahusu wastani, si mkulima mmoja mmoja. Nayo 95 ni sifa ya njia iliyotumika. Jerzy Neyman, aliyeifafanua nadharia hii mwaka 1937, alisisitiza kwamba njia ikirudiwa mara nyingi, takriban mara 95 katika kila 100 mipaka itaunasa wastani wa kweli.

Maana hiyo haionekani ubaoni, bali huonekana kwa vitendo. Kituo cha majani chai kina neema isiyopatikana kwingi: karani hupima mzigo wa kila mkulima, hivyo wastani wa kweli waweza kujulikana. Mwalimu na aombe orodha ya kilo za siku moja, bila majina. Kila kipimo kiandikwe kwenye kikaratasi. Wanafunzi 40, kila mmoja achote 36, akirudisha kila kikaratasi kabla ya kuchota kingine, kisha akokotoe mipaka yake. Hatimaye wastani wa kweli utangazwe. Wawili hivi wataukosa, ingawa hawakufanya kosa lolote. Siku hiyo asilimia 95 itaeleweka.

Wako watakaosema kwamba muda hautoshi na mtihani hauulizi mambo hayo. Nakubali kwamba muda ni adimu. Hata hivyo, elimu hii yenyewe haikuzaliwa katika chumba cha mtihani. W. S. Gosset, aliyeandika mwaka 1908 kuhusu sampuli ndogo, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin. Kwake hesabu ilikuwa chombo cha kazi.

Jambo la mwisho la kumwonya mwanafunzi ni kwamba mipaka haiponyi sampuli mbovu. Aliyewahoji tu wakulima wanaoishi kando ya barabara ya lami atapata mipaka myembamba ya jibu potovu. Na anayetaka kupunguza upana kwa nusu hana budi kuwatafuta wakulima 144 badala ya 36. Ukweli una gharama.

Natoa wito kwa walimu wenzangu: mwanafunzi akileta wastani mtupu, mrudishieni daftari. Na ninyi wanafunzi, mkisomewa wastani mkutanoni au gazetini, ulizeni: ulitokana na watu wangapi, walichaguliwaje, na mipaka yake ni ipi? Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.