Picha Kali Si Kigezo

Wasanifu wa michoro wakibishana kuhusu akili mnemba, swali huwa lilelile: kati ya Midjourney, DALL-E, Firefly na Stable Diffusion, ipi inatoa picha kali zaidi? Maelekezo yaleyale yanaingizwa katika kila programu, picha zinapangwa pamoja, na inayovutia macho inatangazwa mshindi. Utaratibu huu ni mbovu, kwa sababu unapima kitu ambacho mteja halipii. Anacholipia ni faili la mwisho: limesharekebishwa, linachapika, na halimwachii kesi mlangoni.

Chukua kanga. Pindo lazima likutane vizuri kwenye kona, mji ukae katikati, jina lisomeke bila herufi kukosewa. Picha ya pikseli 1024 kwa 1024, ukubwa uliozoeleka katika baadhi ya programu hizi, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi haifikishi sentimita 9 kila upande; kanga ina urefu wa mita moja na nusu hivi. Tena uchapaji wa vitambaa kwa skrini hutaka kila rangi itengwe peke yake, ilhali hapa unapewa picha moja ambayo rangi zake zimeyeyukiana. Halafu mteja anasema: jina libaki, michoro ya korosho isogee pembeni. Programu isiyokubali kugusa sehemu moja tu itakuletea kanga nyingine kabisa. Kwa kazi hii ningeanza na Stable Diffusion, ambayo tangu Agosti 2022 inaweza kusimikwa kwenye kompyuta ya mtu mwenyewe, na ikiongezewa ControlNet inafuata mistari aliyoichora msanifu. Katika shindano la urembo huenda ingeshika mkia.

Umiliki nao hauonekani kwa macho. Februari 2023, Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani iliamua kuhusu kitabu cha katuni Zarya of the Dawn kwamba maandishi na mpangilio vinalindwa, lakini picha zilizotoka Midjourney hazilindwi. Mwaka huohuo kampuni ya picha ya Getty Images iliishtaki Stability AI, kampuni ya Stable Diffusion, ikaonyesha picha zilizotoka na alama ya Getty iliyopindapinda. Juni 2025, Disney na Universal wakaishtaki Midjourney kwa madai ya kukiuka hakimiliki. Firefly ilifunzwa zaidi kwa picha zenye leseni za Adobe Stock, na hiyo ni sifa ya kikazi hata kama picha yake imepoa kidogo. Jingine ambalo wengi hawalitazami: katika Midjourney kazi huonekana hadharani usipolipia kifurushi cha juu chenye faragha. Lebo ya bidhaa ambayo haijazinduliwa haifai kukaa huko.

Nitaambiwa kwamba wateja wetu hawaulizi habari za hakimiliki. Wataanza kuuliza siku bidhaa itakapovuka mpaka, au mshindani atakapoinakili lebo yao na wao wakakosa pa kushika. Nitaambiwa pia kwamba programu zinaboreshwa kila mara. Kweli, na ndiyo maana orodha ya picha kali inachakaa upesi hivyo, wakati masharti ya leseni, faragha na uwezo wa kuhariri ndivyo vinavyoamua kama kazi itafika kwa mchapaji. Kwa rasimu ya kumwonyesha mteja wazo, tumia yoyote inayokufurahisha. Kwa nembo ya kampuni, nisingechagua hata moja. Nembo ningeichora mwenyewe, ili pasiwe na ubishi mchoro ni wa nani.