Stima ya Turkana imefika Suswa, sisi tutafikaje Turkana?

Wikendi ndefu ikikaribia, mazungumzo kwenye magrupu ya WhatsApp huwa yale yale. Nani amebuku SGR? Tiketi bado ziko? Tunalala Nyali ama tunavuka Likoni twende Diani? Tangu Madaraka Express izinduliwe Mei 31, 2017, ni kama reli ndiyo hutuamulia likizo itaenda wapi. Nauli ya daraja la kawaida ilipanda kutoka Sh1,000 hadi Sh1,500 mwanzoni mwa 2024, watu wakalia, kisha wakaendelea kubuku. Mombasa ni safari ambayo kijana anaweza kuipigia hesabu bila kumwomba mtu gari.

Sasa jaribu kuandika kwenye grupu hilo hilo: "Mbona mwaka huu tusiende Ziwa Turkana?" Kimya. Mmoja atatuma emoji ya kucheka, mwingine atauliza kama kuna Landcruiser ya bure.

Si kwamba watu hawalijui. Hili ndilo ziwa kubwa zaidi la jangwani duniani. UNESCO iliingiza mbuga zake kwenye orodha ya Turathi za Dunia mnamo 1997, na tangu 2018 ziko pia kwenye orodha ya turathi zilizo hatarini. Ufuo wa mashariki una Koobi Fora na visukuku vyake. Ule wa magharibi, pale Nariokotome, ndiko Kamoya Kimeu aligundua mifupa ya Turkana Boy mnamo 1984. Tulifundishwa haya yote shuleni. Kitu hatukufundishwa ni gari unalipandia wapi.

Reli tuliahidiwa. Machi 2012, Rais Mwai Kibaki, Waziri Mkuu wa Ethiopia Meles Zenawi na Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini walikutana Lamu kuzindua mradi wa LAPSSET: bandari, bomba la mafuta, barabara, na reli ya kutoka Lamu hadi Isiolo, halafu igawanyike kwenda Ethiopia na Sudan Kusini. Mtoto aliyezaliwa wiki hiyo sasa ni tineja. Gati la kwanza la bandari lilifunguliwa 2021. Barabara ya Isiolo hadi Moyale ina lami, na hilo lazima tulisifu kwa sababu zamani safari hiyo ilikuwa adhabu. Lakini reli ya Lamu kwenda Isiolo haijaonekana. SGR nayo ilifika Suswa na Naivasha 2019, na mipango ya kuiendeleza inatazama Kisumu na Malaba. Anayengoja treni ya Turkana atafute kiti akae.

Suswa penyewe pana kichekesho chake. Karibu na pale reli ilipoishia ndipo panapoishia laini kubwa ya stima inayotoka Loiyangalani, kando ya ziwa lile lile. Laini hiyo ina urefu wa zaidi ya kilomita 400. Inabeba umeme wa mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310. Mitambo hiyo ilitoka bandari ya Mombasa juu ya malori hadi kule, bila treni, na barabara ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Laisamis ikakarabatiwa ndio malori yapite.

Kwa hivyo umbali si kisingizio. Kinachofanya kazi hapo ni mkataba. Mitambo ilikuwa tayari 2017, lakini laini ya kuusafirisha umeme ikachelewa hadi Septemba 2018. Serikali ikajikuta inadaiwa fidia ya zaidi ya Sh5 bilioni, kwa sababu mwekezaji alikuwa na karatasi inayosema ukichelewa, unalipa. Mkazi wa Loiyangalani hana karatasi kama hiyo. Gari likikosa kuja wiki nzima, hakuna ofisi inayodaiwa hata senti.

Na ukiangalia vizuri, kitu tunachopenda kwa treni ya Mombasa si reli yenyewe. Ni kwamba saa ya kuondoka inajulikana, nauli imeandikwa, tiketi unanunua kwa simu na hakuna makanga wa kukuzungusha. Hayo yote hata basi linaweza kufanya. Nairobi hadi Marsabit mabasi yapo, na lami ni safi. Mambo huharibika ukishuka Laisamis. Kutoka hapo hadi Loiyangalani, kupitia upande wa South Horr, ni zaidi ya kilomita 200 za changarawe na mawe, na usafiri ni lori la mizigo ama Landcruiser ya abiria inayoondoka ikijaa. Ikijaa leo, sawa. Isipojaa, unalala.

Njia ya pili ni kupitia Rumuruti na Maralal, halafu Baragoi. Lami inafika Maralal. Mbele yake ni vumbi na historia ya mashambulizi ya majangili, na kabla ya kuipita ni lazima uulize wenyeji hali ya siku hiyo. Ukitaka ziwa tu, bila kujali ufuo upi, ukweli ni kwamba Lodwar ni rahisi zaidi: mabasi ya kupitia Kitale yapo, kisha unatafuta gari la Kalokol ama Eliye Springs.

Mwenye matatu hawezi kulaumiwa kwa kuogopa njia ya Loiyangalani. Mawe yanakula tairi, mafuta ni ghali, na huenda akarudi na viti vitupu. Wageni nao, kwa kukosa gari, huja na safari za kulipia kila kitu Nairobi: gari, chakula, hata maji. Wanapiga picha, wanaenda. Pesa inayobaki kijijini ni kidogo. Hapo ndipo kaunti za Marsabit na Samburu zingeingia: kulipia gari mbili kwa wiki, siku na saa maalum, liwe limejaa au la, na anayeshindwa kuleta gari akatwe. Serikali ambayo ilikubali masharti hayo kwa umeme haiwezi kusema hayaeleweki.

Gari hilo si la watalii peke yao. Jamii ya El Molo, mojawapo ya ndogo zaidi nchini, imeona maji ya ziwa yakipanda hadi kijiji cha Komote kikageuka kisiwa. Mama mjamzito anayehitaji hospitali kubwa, mwanafunzi anayerudi chuo na mvuvi mwenye samaki wa kuuza wanangoja lori lile lile la mgeni mwenye kamera. Na wao, wikendi ikiisha, bado wanalihitaji.

Tamasha la kitamaduni la Loiyangalani, lililoanza 2008, huzikutanisha jamii za ziwa hilo, kuanzia Waturkana na Wasamburu hadi Warendille, Wagabra na Waelmolo. Lingekuwa pahali pazuri pa kulijaribu gari hilo. Kwa sasa, ukienda, beba maji ya kutosha, pesa taslimu na siku mbili za ziada. Ukishuka Laisamis usiulize gari linatoka saa ngapi. Uliza limebakisha watu wangapi.