Tusiwafiche Watoto Asili Yao

Katika ukurasa wetu leo sitazungumza juu ya mapishi wala malezi ya mtoto mchanga. Nataka nikusimulie safari, na jambo moja lililotokea safarini ambalo limenifanya nifikiri sana juu ya wajibu wetu sisi akina mama.

Tulikuwa akina mama 14 wa usharika mmoja wa Dar es Salaam. Kwa miaka miwili tulichanga kidogo kidogo kila mwezi, mweka hazina wetu akiandika kila shilingi katika daftari. Wengine walipendekeza twende mbugani kuona wanyama. Lakini mwishowe tulikubaliana tuzunguke magharibi na kusini ya nchi yetu, tukaone kwa macho mahali tulipopasoma shuleni kisha tukapasahau: Tabora, Ujiji, Songea na Kalenga. Tulipanga siku 12, kwanza kwa garimoshi, kisha kwa mabasi. Mimi nilimchukua mama mkwe wangu, mwenye umri wa miaka 78. Yeye alizaliwa Tabora, na hakuwa amekanyaga huko kwa miaka mingi.

Safari ya reli kwenda Tabora ni ndefu, lakini ni nzuri kwa watu wenye maneno mengi. Tuliimba, tulikula karanga na mayai ya kuchemsha, tukanunua asali. Reli hiyo Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo, njia hiyo hiyo watu waliipita kwa miguu, pwani hadi Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilometa 1,000. Baadhi yao hawakuipita kwa hiari. Walibebeshwa pembe za ndovu, wamefungwa minyororo, na walipofika Bagamoyo pembe ziliuzwa na wao wakauzwa.

Kilometa chache nje ya mji wa Tabora kuna kijiji cha Kwihara. Hapo ipo nyumba ya tembe, iliyojengwa upya kwa mfano wa ile ambamo Daktari Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872. Ina kuta nene za udongo, paa bapa na ua katikati. Stanley aliondoka, Livingstone akabaki hapo miezi kadhaa akisubiri wapagazi. Mwaka uliofuata alifariki huko Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wafuasi wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliubeba mwili wake mpaka pwani, nao ulipitia hapa Tabora.

Mwongoza wageni alipotaja majina hayo, mmoja wetu aliuliza, "Je, wanawake hawakuwamo?" Walikuwamo. Katika msafara wa Livingstone alikuwamo Halima, mpishi wake, na jina lake limeandikwa katika kumbukumbu za Daktari mwenyewe. Shuleni tulifundishwa Chuma na Susi. Aliyewasha moto kila jioni hatukumsikia.

Kutoka Tabora tulipanda tena garimoshi mpaka Kigoma, na kesho yake asubuhi tukaenda Ujiji. Pale kuna mnara wa kumbukumbu na miembe, mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Watoto wengi wa shule hukariri salamu waliyopeana wale wazungu wawili. Lakini je, unajua Livingstone alikuwa anatoka wapi alipofika Ujiji akiwa amechoka na mgonjwa? Alikuwa anatoka Nyangwe, ng'ambo ya ziwa, katika nchi ya Manyema. Huko, mwezi Julai mwaka huo huo wa 1871, aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wa utumwa wakiwafyatulia risasi watu waliokuwa sokoni. Wengi wao walikuwa wanawake waliokuja kuuza na kununua vyakula. Mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama mtoni wakikimbia. Habari hiyo ilipofika Uingereza iliwachoma watu mioyo, na mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa.

Mwongozaji alipokuwa akieleza haya, niligeuka nikaona mama mkwe hayupo. Nilimkuta ameketi peke yake chini ya mwembe, amejifunika khanga kichwani. Nilidhani jua limemchosha. Nikampa maji. Akanywa, akakaa kimya, kisha akasema:

"Mwanangu, bibi yangu alivushwa ziwa hili akiwa mtoto."

Sikuelewa mara moja. Akaendelea taratibu. Bibi yake mzaa mama alitekwa huko Manyema akiwa msichana mdogo, akaletwa Ujiji, akakulia katika nyumba ya watu kama mtumwa. Alikumbuka jina la mama yake tu. Kijiji chao hakuweza kukitaja. Baadaye aliolewa na mfanyakazi wa reli, wakahamia Tabora, na huko akabatizwa. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria katika Tanganyika mwaka 1922, yeye alikuwa tayari mtu mzima mwenye watoto.

"Nyumbani kwetu neno hilo halikutamkwa," mama aliniambia. "Mama yangu alisema, mkiulizwa, semeni sisi ni Wanyamwezi, basi. Nilipoolewa niliulizwa ukoo, nikasema uongo. Hata mume wangu amekufa hajui. Na sasa mjukuu anaposwa, nitaulizwa tena."

Mpenzi msomaji, ni kweli. Binti yangu mkubwa ameshaletewa barua ya posa, na wazee wa upande wa pili, kama ilivyo desturi, wameuliza asili yetu. Miaka 25 nimeishi na mama huyu kama mama yangu mzazi. Tumepika pamoja, tumeuguzana, tumezika pamoja. Mzigo huo hakuwahi kuutua mbele yangu. Nilimshika mkono tu. Sikuwa na la kusema.

Jioni hiyo tulikula migebuka kwa ugali, wenzetu wakicheka, sisi wawili tukiwa kimya.

Kesho yake tulianza safari ya basi kuelekea kusini kupitia Mpanda na Sumbawanga. Magharibi ya barabara hiyo, kando ya ziwa, iko misheni ya kale ya Karema. Hatukupata nafasi ya kufika, lakini mama mmoja mwalimu alitusimulia juu ya Adrian Atiman. Huyu alizaliwa karibu na mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali, akatekwa akiwa mtoto na kuuzwa. Mapadre Weupe walimkomboa huko Algeria, wakamsomesha, akajifunza uganga katika kisiwa cha Malta. Alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, akawatibu watu huko kwa zaidi ya miaka 60, mpaka alipofariki mwaka 1956. Mtoto aliyeuzwa alikuwa daktari wa nchi nzima. Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa anasikiliza, macho yakiwa dirishani.

Mbeya tulilala usiku mmoja tu, tukavaa masweta yote tuliyokuwa nayo. Kisha tukapita Makambako na Njombe, tukashuka mpaka Songea.

Songea ni mahali pa kuingia kwa heshima. Katika Makumbusho ya Majimaji kuna kaburi moja kubwa la pamoja. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapo wakuu na mashujaa wa Wangoni, wakazikwa katika shimo moja. Mmoja wao alikuwa mwanamke, Nkomanile, kiongozi aliyesaidia kuleta maji ya vita katika nchi ya Ungoni. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umepewa jina lake, alinyongwa siku chache baadaye na kuzikwa peke yake. Inaelezwa kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na mpaka leo watu wa ukoo wake wanakitafuta. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo, akakutana na wazao wake, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani.

Sisi Wakristo tuna neno letu pia katika historia hii. Baadhi ya waliohukumiwa walibatizwa na padre kabla ya kunyongwa. Tuliposikia hivyo mama mmoja aliuliza, kwa uchungu, "Je, aliyewabatiza hakuweza kuwaombea wasinyongwe?" Na upande wa pili, mwezi Agosti 1905, Askofu Cassian Spiss aliuawa njiani karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili, na baadaye misheni ya Peramiho ilichomwa moto. Baada ya vita ikaja njaa, kwa kuwa askari wa serikali walichoma mashamba na maghala. Watu waliokufa kwa vita na njaa walikuwa makumi ya maelfu, na wapo wanahistoria wanaosema walifika laki tatu. Njaa kama hiyo huwakuta kwanza nani? Akina mama na watoto wao.

Hatukulijibu swali la mwenzetu. Tulisimama kaburini tukaomba, wala hatukuona haya kulia.

Usiku huo ilikuwa zamu yangu kuongoza ibada. Nilichagua sura ya kwanza ya Mathayo, ile ambayo wengi wetu huiruka kwa sababu ni majina matupu. Tuliyasoma yote. Katika ukoo wa Bwana wetu yumo Tamari, aliyefanyiwa dhuluma na mkwewe. Yumo Rahabu, aliyekuwa kahaba wa Yeriko. Yumo Ruthu, mgeni kutoka Moabu, maskini aliyeokota masazo shambani. Mathayo angeweza kuwaacha wote, na hakuna ambaye angemuuliza. Aliwaandika. Sikumtaja mtu, wala sikumtazama mtu.

Kituo chetu cha mwisho kilikuwa Kalenga, karibu na Iringa. Hapo limehifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa wa Wahehe. Mwaka 1891 Mkwawa aliwashinda Wajerumani huko Lugalo. Ngome yake ilianguka mwaka 1894, na mwaka 1898 alijiua asishikwe mateka. Kichwa chake kilikatwa. Kurudishwa kwake kuliandikwa hata katika mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, lakini halikurudi mpaka Juni 1954, lilipoletwa na Gavana Twining. Wahehe walikuwa wamesubiri miaka 56.

Tulipotoka nje, mama mkwe alinivuta kando. "Watu hawa," akasema, "wamemdai mzee wao miaka yote hii ili wamzike kwa heshima. Wale wa Songea wanamtafuta wa kwao hata leo. Na mimi wa kwangu nilikuwa naye, nikamficha mwenyewe."

Basi tulirudi nyumbani. Jumapili ya kwanza baada ya kufika, mama aliwaita wajukuu wote sebuleni akawaambia kila kitu, mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa na wasiwasi juu ya binti yangu. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Bibi, yeye aliitwa nani?" Mama akataja jina. Mdogo wake akachukua kalamu, akaliandika katika ukurasa mtupu wa mbele wa Biblia ya nyumbani, na juu yake jina la mama yake yule mtoto aliyetekwa, lile moja alilolikumbuka. Wazee wa upande wa pili nao wameelezwa. Mmoja wao alikaa kimya muda mrefu, akasema kwao pia kuna mambo ambayo hayajasemwa. Posa inaendelea.

Mama mwenzangu, Yoshua aliwaamuru Waisraeli wachukue mawe 12 kutoka mto Yordani, ili watoto watakapouliza, wazazi wawe na la kuwajibu. Mungu alijua kwamba watoto watauliza. Je, wewe una la kujibu? Si lazima usafiri siku 12. Anza hivi:

Kwanza, keti na mzee wa kwenu angali hai. Usimhoji kama karani. Msaidie kuchambua mchele, huku ukiuliza.

Pili, andika majina, hasa ya wanawake. Majina ya mababu hukumbukwa. Ya mabibi hupotea haraka.

Tatu, ukikuta jambo la aibu, jiulize kwanza aibu hiyo ni ya nani. Aliyetekwa hakukosa, aliyekosa ni aliyemteka. Yapo pia ya kusimulia kwa hekima, kwa kadiri ya umri wa mtoto.

Nne, akina mama wa kila usharika wangeweza kutembelea mahali pamoja pa historia kila mwaka, hata karibu. Changeni mapema, bebeni dawa na maji, na wachukueni wazee. Wao wataona yale ambayo mwongozaji hayajui.

Mama Loisi alimpa Eunike imani, na Eunike akampa Timotheo. Nasi tusiwape watoto wetu imani huku tukiwanyima majina ya waliowazaa.