Kuzima Taa Si Kuponya Injini

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii, ambayo aghalabu huhusishwa na mwili wa binadamu, inafaa mno kupimia mtindo uliokita mizizi nchini Marekani, ambapo baadhi ya wamiliki wa pikapu za dizeli hung'oa vifaa vya kusafisha moshi, kisha wakauita ung'oaji huo matengenezo. Makala haya yanashikilia kwamba tendo hilo si tiba ya injini, na kwamba jina linalopewa ni sehemu ya madhara yake.

Ukubwa wa jambo hili si wa kupuuzwa. Mnamo Novemba 2020, mamlaka ya serikali ya Marekani inayolinda mazingira ilikadiria kwamba zaidi ya pikapu 550,000 za dizeli zilikuwa zimeng'olewa vifaa hivyo katika muda wa takriban mwongo mmoja. Idadi hiyo ni kama asilimia 15 ya pikapu za aina hiyo zilizoundwa zikiwa navyo. Ilikadiriwa pia kwamba, katika maisha yake yote, magari hayo yangetoa zaidi ya tani 570,000 za ziada za oksidi za nitrojeni. Ikumbukwe kwamba mwaka 2012, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Hebu tutazame chujio la masizi, ambalo ndilo hulaumiwa zaidi. Chujio hili lina vijia vyembamba vilivyopangwa mfano wa sega la nyuki. Masizi hunaswa humo, kisha huchomwa kwa joto linalokaribia nyuzi 600 za selsiasi. Gari linaloendeshwa safari fupi fupi halipati joto la kutosha, hivyo chujio huziba, taa ya onyo huwaka, na injini hupunguza nguvu. Mwenye gari huona kwamba chujio limemponza.

La hasha! Mara nyingi chujio ni shahidi tu. Huenda nozeli inavuja na kumwaga dizeli kupita kiasi. Huenda turbo inapitisha oili. Huenda bomba la hewa limepasuka. Huenda hata sensa inayopima shinikizo la moshi ndiyo iliyoharibika. Fundi mweledi husoma kwanza misimbo iliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari, akapima shinikizo kabla ya chujio na baada yake, akakagua mabomba na nozeli, ndipo akatoa hukumu. Anayekimbilia kukata chujio na kuibadilisha programu ya kompyuta ili isilalamike amemnyamazisha shahidi, na mkosaji bado yumo ndani. Nozeli inayovuja inaweza kuitoboa pistoni, na siku hiyo hakutakuwa na taa ya kumtahadharisha mtu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hata hivyo, haki itendeke kwa upande wa pili. Malalamiko ya wakulima na madereva wa Marekani si ya kubuni. Vifaa hivi ni ghali, na gari linaloishiwa nguvu ghafla katikati ya kazi ni hasara tupu. Mnamo Agosti 2025 mamlaka iyo hiyo iliwahimiza watengenezaji waibadilishe programu ya mfumo wa maji ya urea ili magari yasipunguziwe nguvu kwa ghafla. Hatua hiyo yathibitisha kwamba kilio kilikuwa na msingi. Lakini yathibitisha pia kwamba dawa ya muundo mbovu ni kuurekebisha muundo wenyewe, wala si kumpelekea jirani masizi yako ayavute.

Je, mwanafunzi wa Kiswahili ana hisa gani katika mjadala huu? Hisa yake ni neno. Huko Marekani fundi haambiwi "ng'oa". Huambiwa "futa", kana kwamba kinachoondolewa ni kosa la chaki ubaoni. Tasfida hiyo huondoa hatia kabla chujio halijaondolewa. Nasi hatuko mbali na mkondo huo. Kenya na jirani zake zilishusha kiwango cha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mnamo Januari 2015, na magari ya mtumba yenye machujio haya huingia kupitia bandari ya Mombasa. Teknolojia ikifika, istilahi hufuata. Tukilala, tutapokea pamoja nayo uongo uliofumwa katika lugha ya wengine.

Kiswahili kinao msamiati wa kutosha kusema kweli. Kurekebisha ni kukirejesha kitu katika usawa wake. Kukarabati ni kufufua kilichochakaa. Kung'oa ni kung'oa. Waundaji istilahi na waandishi wa miongozo ya mafundi wa jua kali wazingatie tofauti hizi, na miongozo yenyewe ya kutambua hitilafu iandikwe kwa lugha ambayo fundi huitumia akiwa chini ya gari. Fundi akiweza kuusoma ugonjwa kwa lugha yake, hatakuwa na haja ya kuivunja taa inayoutangaza.