Mpita Njia wa Tunduma Asihesabiwe Kuwa Mgeni Mkaazi

Mtu avukaye kutoka Nakonde kuingia Tunduma, na nia yake ni kupanda basi la Dar es Salaam ili aendelee na safari ya nchi nyingine, hakuja Tanzania kutafuta kazi wala makazi. Ni mpita njia. Hata hivyo, ikiwa nchi yake haimo miongoni mwa zile zilizosamehewa viza, hutakiwa kulipa dola 30 za Kimarekani apate viza ya kupita isiyozidi siku saba. Mzambia na Mmalawi hawaguswi na ada hiyo. Aguswaye ni msafiri wa mbali, ambaye ndiye hasa mwenye njia nyingi za kuchagua.

Ada hii yafaa itazamwe upya, na pa kuanzia ni Tunduma.

Mji huo umezaliwa na njia. Mwaka 1890, Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi zisizokuwa zao, walichora mpaka baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, wakawaacha Wanyamwanga wengine huku na wengine kule. Jambo la kustaajabisha ni kwamba mabeberu hao, katika mkataba huo huo, walikumbuka kuwekeana sharti la watu na mali kupita baina ya maziwa hayo bila ushuru wa kupita. Walijua thamani ya njia, ingawa hawakujali haki ya wenye nchi.

Baada ya Ian Smith kujitangazia uhuru wa walowezi huko Rhodesia, Novemba 1965, Zambia ilibanwa upande wa kusini, na Tunduma ikawa mlango wake wa kupumulia. Mafuta yalisafirishwa kwa malori katika barabara mbovu hadi bomba la TAZAMA lilipoanza kazi mwaka 1968. Kisha ikaja reli ya TAZARA, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyokabidhiwa rasmi Julai 1976 kwa msaada wa China. Mwalimu Nyerere na Kenneth Kaunda hawakuipima kazi hiyo kwa ada ya mlangoni. Waliipima kwa uhuru wa bara zima.

Msingi huo ungali hai katika mizigo. Shehena ya Zambia au ya Kongo iteremshwayo bandarini Dar es Salaam haitozwi ushuru wa forodha wa Tanzania, maadamu imewekewa dhamana, imefungwa lakiri, na itatoka nje ya nchi kwa njia iliyoandikwa. Mzigo unaaminiwa kwa sababu safari yake inajulikana. Ni vigumu kueleza kwa nini binadamu mwenye pasipoti halali, tiketi ya mbele na ruhusa ya kuingia aendako asiaminiwe kwa kipimo hicho hicho. Na abiria wa ndege? Yeye, kwa desturi ya viwanja vingi duniani, hungoja ndege ya pili bila kudaiwa viza ilimradi asitoke nje ya uwanja. Wa basi hana uwanja wa kungojea. Uwanja wake ni barabara yenyewe, zaidi ya kilometa 900 toka Tunduma hadi Dar es Salaam.

Basi apewe saa 72 bila ada, zihesabiwe tangu pasipoti yake igongwe muhuri, na kituo cha kutokea kiandikwe humo. Akipitiliza bila sababu ya ugonjwa au ajali, Sheria ya Uhamiaji ipo. Kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa Oktoba 2019 na Marais John Magufuli na Edgar Lungu, kimekwisha kuwaweka maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja. Hakuna jengo jipya linalohitajika.

Yatasemwa mambo mawili. La kwanza ni mapato. Hakuna adaiye kwamba dola 30 peke yake humgeuza msafiri njia. Lakini Zambia iliondoa viza kwa wageni wa mataifa mengi tangu mwaka 2022, na China, tangu Desemba 2024, inawapa wapita njia wa nchi kadhaa saa 240. Fedha ya viza huenda Hazina. Fedha ya kitanda, ya chai na ya mama lishe hubaki Tunduma. Mkoa wa Songwe, uliotengwa na Mbeya mwaka 2016, una kahawa ya Mbozi na kimondo kinachojulikana duniani, na wasafiri wengi hupita karibu navyo dirishani bila kuteremka.

La pili ni usalama, nalo ni zito. Vijana wa Pembe ya Afrika wamekuwa wakipitishwa kwa siri kuelekea Afrika Kusini. Juni 2012 Waethiopia zaidi ya 40 walikutwa wamekufa mkoani Dodoma, wamekosa hewa ndani ya lori. Msamaha wa saa 72 hautawaponya watu kama hao, kwa kuwa wengi hawana hati za kusafiria, na asingefaa kusikilizwa yeyote awaahidiye hivyo. Lakini ada nayo haiwazuii wasafirishaji wao, maana hawafiki dirishani. Ofisa anayetumia asubuhi nzima kuandika stakabadhi za watu waliojitokeza wenyewe angefaa zaidi kwenye vichochoro vya mpakani.

Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi ingeweza kulijaribu jambo hili Tunduma kwa mwaka mmoja, ikahesabu walioingia, waliotoka kwa wakati na waliopitiliza, na hesabu hiyo ikapelekwa Bungeni kabla Kasumulu na Namanga hazijaguswa.