Baba, wamekuuzia rijekti!

Leo naomba niteme nyongo kidogo.

Jumamosi iliyopita tulikuwa Tabata kwa shangazi, tunafungua zawadi za harusi ya binti yake. Ilipofika zamu ya boksi langu nikakaa vizuri kitini. Ndani kulikuwa na chombo cha maua cha kijani, kioo kilichopulizwa kwa mdomo. Nilikinunua Arusha nikakipakata kwenye basi mpaka Dar. Shangazi akakiinua kwenye taa, akakizungusha, akatikisa kichwa. "Baba, hiki kina mapovu ndani. Na huku chini kina kovu. Wamekuuzia rijekti!"

Watu wakacheka. Kikawekwa chini ya meza, karibu na kandambili. Nami nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma, maana nilikiona kinazaliwa.

Pale Shanga, karakana iliyoanza mwaka 2007 na kuajiri watu wenye ulemavu wakiwemo viziwi, chupa zilizotumika huyeyushwa kwenye tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Fundi huchota ule uji mwekundu kwa bomba refu la chuma, akapuliza kidogo, huku akilizungusha bomba muda wote. Akiacha kuzungusha, kioo kinaning'inia upande mmoja kama asali kijikoni. Tena kioo cha chupa kilitengenezwa kwa ajili ya mashine, kwa hiyo kinaganda upesi. Fundi hana nafasi ya kusitasita. Wenzake wawili walikuwa pembeni, na sikusikia neno hata moja. Ni macho na ishara tu, na kila mmoja alijua zamu yake.

Kuhusu lile kovu: ili mdomo wa chombo utengenezwe, kitako hushikizwa kwenye fimbo ya chuma, kisha hukatwa. Alama inayobaki ni kitovu. Wewe unacho, mimi ninacho. Viputo navyo ni hewa iliyonaswa wakati chupa zikiyeyuka. Halafu chombo hulazwa kwenye tanuri la pili kipoe taratibu kwa saa nyingi, maana nje kikipoa kabla ya ndani, kinapasuka.

Sasa swali langu. Nani alitufundisha kwamba kitu kizuri lazima kifanane na vingine elfu moja? Mwaka 1936 Mfini Alvar Aalto alibuni chombo cha maua chenye ubavu wa mawimbi-mawimbi, kama dimbwi la maji lililomwagika. Mpaka leo kinapulizwa Iittala, Finland, na kinauzwa ghali. Hakuna anayesema kimepinda. Cha Arusha kikipinda kidogo, tunaomba punguzo!

Msinielewe vibaya. Chombo kinachoyumba mezani au chenye ufa ni kibovu, hata kama kimetengenezwa na malaika. Shangazi ana haki ya kukikagua. Bei nayo siyo ya mshahara wa mwandishi, mimi nilijinyima wiki mbili. Na wale wanaosema tununue kwa kuwahurumia walemavu, naomba waache. Yule fundi hakuniomba huruma. Aliniuzia kazi, na kazi hupimwa kama kazi: ukuta una unene sawa? Kinasimama? Mdomo ni laini? Maua yanakaa vizuri? Changu kilifaulu yote. Kilichokosekana ni jicho la kukipima, na jicho hilo halitakuja kwa meli ya makontena.

Sisi tuliosoma ndio wa kwanza kulaumiwa. Tunaandika kurasa nzima kuhusu viwanda, lakini kitu cha hapa kikichekwa sebuleni, tunacheka pia. Ningeweza kusema pale pale, "Shangazi, hicho ni kitovu." Maneno manne tu. Nikayameza na soda.

Shangazi hasomi blogu, ila bibi harusi anasoma. Dada yangu, kitoe huko chini ya meza. Kitie maji na maua, kiweke dirishani asubuhi, uone viputo vinavyofanya jua licheze ukutani. Kisha mwite mama.

Wadau, mnasemaje? Nipigeni mawe, nipo.